Kitabu Kilicholiwa na Kombaini

Marselina mwanangu,

Habari ya mimi, kombaini na kitabu, watu wote hapa Gitting wanaisimulia vibaya. Wanaoisimulia sokoni wanakosea, wanaoisimulia kwenye pombe wanakosea zaidi, na mama yako anakosea kuliko wote, maana anaanza kucheka kabla hajafika katikati. Wanasema eti nilikasirika nikailisha kombaini kitabu cha serikali, kama mtu anavyolisha ng'ombe mabua. Uongo mtupu. Kitabu kilianguka chenyewe. Nakuandikia ilivyokuwa, ili ukifika Arusha mtu akikuuliza kama wewe ndiye mtoto wa yule mzee aliyelisha mashine kitabu, uwe na jibu.

Mwandiko wangu usikutishe. Nimesomea kisomo cha watu wazima, kwenye benchi la watoto, magoti yakigusa kidevu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama ngano iliyopigwa na upepo, lakini kusomeka zinasomeka.

Kesho alfajiri unapanda basi pale Katesh. Habari za sweta, za kufunga sanduku, za kutokula vitu vya barabarani, mama yako ameshakuambia. Anaendelea kukuambia hata sasa hivi, namsikia kutoka huku zizini nilikokaa na karatasi juu ya debe. Mimi nina lingine.

Jana ulinijia hapa hapa, ndoo mkononi. Ukasema, "Baba, nataka nimwambie meneja wa shamba ampeleke mtu mwingine."

Nikasema, "Umeogopa basi?"

"Siogopi basi. Kule naenda kujifunza kujaribu programu za kompyuta, halafu wanataka nichague na vitabu, nirudi navyo niwafundishe makarani wenzangu wa maghala yote. Nitachaguaje vitabu vya kazi ambayo mwenyewe ndiyo kwanza naianza?"

"Chagua chenye picha nzuri."

Hukucheka. Ukasema, "Na hiyo nafasi yenyewe si yangu. Sokoni wanasema meneja alikuja nyumbani kukuuliza ampeleke nani, wewe ukanitaja mimi. Ni kweli, Baba?"

Nikakujibu, "Meneja ana akili, anajua pa kuuliza."

Ukaenda kukamua. Yule ng'ombe mweupe akakupiga teke, maana mikono yako ilikuwa na hasira na yeye hana kosa. Toka hapo sijakaa vizuri. Kwa hiyo sikiliza.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni wakati shamba la ngano la serikali lilipopata kombaini mpya za kuvunia. Mimi nilikuwa dereva bora kuanzia Masakta hadi Gehandu. Wapo waliobisha, lakini wengi wao wameshakufa, kwa hiyo nimeshinda. Wale mafundi wa kizungu walioleta mashine walipomaliza muda wao wakaondoka, wakaacha sanduku la vitabu karakanani. Mkuu wa karakana akaniita.

"Wewe si umemaliza kisomo?"

"Nimemaliza, na cheti ninacho."

"Basi chagua humu kitabu cha kuwafundishia madereva wapya. Wewe ndiye utakayewafundisha."

Mama, nilivimba kama chura. Mimi, mwalimu! Sasa vitabu vyote vilikuwa vya Kiingereza, na kisomo chetu kilikuwa cha Kiswahili. Ningeweza kusema, Mkuu, hii lugha siijui, niitie mtu. Badala yake nilikunja uso kama msomi. Nikafunua kurasa nikasema, "Aaa." Nikafunua tena nikasema, "Hee, hapa wameeleza vizuri." Nikachukua kinene kuliko vyote. Jalada lake lilikuwa linang'aa, na ndani mna picha za rangi: kombaini imeoshwa, ngano imesimama sawasawa, na mzungu ameshika ngano kiganjani, safi, haina hata kapi moja, anatabasamu.

Unajua sisi watu wa huku juu na nafaka safi. Mgeni akiona makapi kwenye nafaka, nyumba nzima inaona aibu. Bibi yako alikuwa anapepeta mpaka kuku waliokuwa wanasubiri makombo wanakata tamaa wanaondoka. Kwa hiyo nilipoiona ile picha nikasema, kumbe kazi ndiyo hii, ngano safi kwenye tangi. Nikawafundisha madereva: fungueni feni mpaka mwisho, makapi yote yaruke. Tukafanya hivyo. Tangi likajaa ngano nzuri mpaka unataka kuila mbichi. Wakubwa wakaja, wakaingiza mikono, wakanusa, wakapiga makofi. Nilipigiwa makofi mimi, mtoto wa Gitting, juu ya mashine!

Hakuna aliyeangalia nyuma. Dereva anakaa mbele, juu, kiti kiko wazi juani. Nyuma ni vumbi tu, nani aende huko?

Kitabu chenyewe nikakipatia kazi nyingine. Mimi ni mfupi, unajua, ingawa nikisimulia huwa narefuka. Nilikuwa nakikalia ili nione mbele. Siku moja, upande wa Masakta, gurudumu likaingia kwenye shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa. Mimi nikaruka, kitabu kikaruka. Mimi nikarudi kwenye kiti, kitabu hakikurudi. Kikaangukia mbele kwenye visu. Kombaini haichagui, ikakimeza.

Nikazima mashine nikakimbilia nyuma kuokota kurasa, maana ni mali ya serikali. Hapo ndipo watu wanaposema hasira. Hasira ya wapi? Nilikuwa nimepiga magoti kama niko kanisani! Naokota: hapa kipande cha mzungu, hapa kipande cha tangi. Na chini ya kila karatasi, ngano. Nikasukuma makapi kwa mkono: ngano. Nikasogea mbele kidogo: ngano. Feni yangu ilikuwa inapeperusha makapi pamoja na punje. Mbele tunapigiwa makofi, nyuma tunamwaga mchana kutwa. Kile kitabu kinene chote hakikuwa na picha hata moja ya nyuma ya mashine. Kilipoiona hiyo nyuma mara ya kwanza, kilikuwa kimeshakuwa vipande.

Feni tukaipunguza siku ile ile, ila mashamba mengi tulikuwa tumeshayavuna. Mvua za mwanzo zilipokuja, punje tulizomwaga zikaota. Kila mahali kombaini zetu zilipopita, mstari wa kijani. Ukisimama huku juu unaliona kosa langu lote limenyooka vizuri mpaka kule Gehandu. Madereva wenzangu walikuwa wananiita Bwana Bustani.

Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji wa Gehandu, Gidamis. Alikuja na ng'ombe zake mpaka kwenye ile mistari, wakala wakashiba. Nikamfuata kumfukuza, maana ndiyo amri tuliyopewa.

Akaniuliza, "Wewe ndiye dereva?"

"Ndimi."

"Hapa pote ng'ombe zangu walikuwa wanakula kabla trekta zenu hazijaja. Nashukuru, umewarudishia mistari."

Hakucheka. Mimi nikaanza kucheka, halafu nikaona kicheko changu kiko peke yake, nikakiacha. Sikumfukuza. Tulisimama tu, ng'ombe wanakula. Siku hiyo nilijifunza kwamba wakati sisi tumekusanyika kwenye tangi tunasifiana, kuna mtu amesimama upande mwingine wa mashine, naye anaona kitu tofauti kabisa. Namshukuru yule mzee mpaka leo. Angeweza kunitukana, na angekuwa na haki.

Nikarudi kwa mkuu wa karakana. Safari hii nikameza mate nikasema, "Mkuu, mimi Kiingereza sijui."

Akasema, "Najua. Siku ile kitabu ulikishika juu chini."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ndivyo mnavyofundishwa kisomo."

Akamwita mwalimu wangu wa kisomo, yule aliyewahi kusoma misheni, Kiingereza anakijua. Tukakaa na lile sanduku. Mwalimu anasoma, mimi nauliza swali moja tu: "Hicho kinasema nini mambo yakiharibika?" Cha kwanza, kimya. Cha pili kinasifu mashine. Cha tatu kinasifu kiwanda. Chini kabisa kukawa na kimoja chembamba, hakina jalada, kimeloa girisi, maana wale mafundi wenyewe ndicho walichokuwa wanakitumia. Mimi ningekifungia chumvi. Mwalimu akakifungua katikati, akasema, "Huyu anasema utandike turubai nyuma ya mashine, uipitishe, halafu uone kilichoangukia humo. Anasema na yeye alichelewa kulifanya, akapoteza mavuno."

Nikaruka. "Huyu! Huyu ni ndugu yangu!"

Lakini usidhani kilikuwa kitabu kamili. Nusu yake ilizungumzia mashine ya aina nyingine ambayo hatukuwa nayo. Hiyo nusu tuliiruka. Na tena kilimfaa mtu anayesoma peke yake. Kufundishia, kilikuwa kikavu. Madereva walikuwa wanasikiliza turubai, turubai, macho yanafumba. Ndipo nikabuni, na hapa naomba unisifu: kila siku dereva mmoja anabaki na kombaini wakati wengine wanakunywa chai. Anaharibu kitu kimoja. Analegeza mkanda, anaziba tundu la chekecheo, anafungua feni kama mimi mjinga wa kwanza. Wengine wakirudi, watafute. Hakuna aliyesinzia tena. Walikuwa wanaacha chai inapoa.

Hata hapo niliharibu. Kulikuwa na dereva anaitwa Bura, mpole, mzito wa kuelewa. Siku moja akauliza kwa nini hatutandiki turubai zaidi ya mahali pamoja. Nikasema mbele ya wote, "Bura, wewe ungeulizwa jina lako ungeomba muda." Wakacheka mpaka machozi. Mimi hupenda watu wacheke, si unanijua. Bura hakuuliza tena mwaka ule. Na swali lake ndilo lilikuwa bora kuliko mafundisho yangu yote, maana shamba halifanani, bonde na mgongo havivunwi sawa, na mimi nilikuwa natandika pale penye tambarare tu. Tukagundua baadaye, kwa hasara. Nilimfuata nikamwambia, Bura, uliona kabla yetu. Akasema, "Niliona. Ila nilikuwa bado naomba muda." Nashukuru alinijibu, na nashukuru alinijibu hivyo.

Sasa tuje kwako. Wewe unafikiri mimi sikusikilizi unapozungumza habari za kompyuta, unaona nasinzia. Nasikiliza nimefumba macho. Ulituambia kwamba ile programu mpya inapokea habari za kila lori la ngano, unyevu wake kiasi gani, halafu inasema lori liende ghala la ngano kavu au likaanikwe kwanza. Wakubwa waliijaribu kwa lori kavu ikasema kavu, kwa lori bichi ikasema bichi, wakapiga makofi. Makofi hayo nayajua mimi! Wewe ukajiuliza, je, karani akiwa na haraka akaacha pale pa unyevu pakiwa patupu? Ukapaacha patupu. Programu ikachukulia patupu ni sifuri, kwamba hiyo ngano haina unyevu hata kidogo, kavu kuliko zote, ikasema ipelekwe ghalani. Ngano ingeingia mbichi, ingepata moto, ingeoza na kuozesha nyingine. Ukakataa kusaini kwamba programu iko sawa. Mama yako aliogopa utafukuzwa. Mimi nilijifanya natafuta kiberiti, nikatoka nje, nikacheka peke yangu kwa furaha. Mwanangu ametandika turubai na hajawahi kupanda kombaini!

Kwa hiyo usiniambie hujui kuchagua. Ukiingia duka la vitabu Arusha, au wakikupeleka kwenye maktaba ya chuo, chenye jalada la kung'aa kitakuita kwanza. Kishike tu, hakuna ubaya, hata mimi nilikishika. Kisha kifungue katikati, siyo mwanzo, maana mwanzo kila mwandishi amevaa nguo za Jumapili. Katikati ndiko utamkuta anafanya kazi. Tafuta mahali anaposema, hapa nilikosea. Ukifunua kurasa nyingi hujapaona, mrudishe rafuni, huyo anauza.

Na uangalie kama anakupa kitu cha kufanya kwa mkono. Yohana wa ghala la chini hatajifunza kwa kusomewa, wewe unamjua, atasinzia kabla hujakohoa. Mpe programu ndogo uliyoiharibu mwenyewe, umwambie, humu nimeficha ubovu, utafute. Kitabu chenye kazi za namna hiyo kitakusaidia kufundisha. Kisicho nazo kinaweza kuwa kizuri pia, ila hicho kitakuwa chako wewe, cha kusoma ukiwa peke yako. Mimi nilichanganya hayo mawili, nikafikiri kinachoeleweka kwangu basi kimeshaeleweka kwa wote.

Halafu angalia kinataka kompyuta gani. Nyinyi mna moja, na umeme unakuja ukipenda. Kitabu kikisema keti na wenzako kila mtu na mashine yake, huyo anazungumza na watu wa kwao. Usimchukie, chukua nusu inayokufaa, uiruke nyingine. Kama kiko cha Kiswahili, kizuri, ingawa sidhani utakipata. Ukichukua cha Kiingereza usiwasomee makarani wako huku umekunja uso. Waambie kwa maneno ya ghalani. Na pale ambapo mwenyewe hujaelewa, sema hujaelewa. Nilipoteza mavuno kwa sababu ya "aaa" moja.

Na kabla hujakilipia kwa fedha za shamba, kijaribu hicho kitabu chenyewe. Mpe mtu yeyote wa mapokezi pale chuoni asome ukurasa mmoja akueleze. Akikwama, angalia kakwama wapi. Hiyo si ndiyo kazi yenu? Mtajaribu programu, vitabu je, vimebarikiwa na askofu?

Mama, mimi nakushukuru. Hili neno kwangu ni gumu kuliko Kiingereza, kwa hiyo nimelizungusha mpaka karatasi inaisha. Nashukuru ulipoanza shule ulikuwa unakuja kunisahihishia herufi bila kunicheka, wakati mimi nilikuwa nakucheka ukiimba. Nashukuru ulikuwa unauliza "kwa nini" mpaka nakufukuza, na hukuacha kama Bura alivyoacha. Ukifundisha, ukimpata anayeuliza hivyo, mpe kiti cha mbele.

Basi, haya yote ni kweli tupu, hata shimo la mhanga, ukitaka nitakuonyesha lilipokuwa. Isipokuwa moja. Meneja hakuja kuniuliza ampeleke nani. Hajawahi kukanyaga nyumbani kwetu. Nilitunga kwenye pombe, jioni ile jina lako liliposomwa. Watu wanakusifu, mimi nimekaa pale, nikaona habari nzuri kiasi hicho haiwezi kupita bila mimi kuwemo ndani. Wakaichukua wakaipeleka sokoni, na jana ulipouliza nikaona haya kuirudisha.

Ukweli, nilikwenda ofisini juzi kumshukuru meneja. Akanipa shikamoo, nikaitika, nikasema nimekuja kwa habari ya Marselina. Akafurahi sana. Akasema katika ofisi nzima ni wewe peke yako uliyekataa kusaini wakati kila mtu anataka kwenda nyumbani, na kwamba alikuchagua siku hiyo hiyo, hakumuuliza mtu yeyote. Alikusifu mpaka nikasahau nilikuwa nataka kusema nini. Halafu akaniangalia kofia na viatu, akauliza, "Samahani mzee, kwani wewe ni nani?"

Nimefanya kazi kwenye lile shamba mpaka mgongo umepinda, na meneja hanijui hata jina. Nikamwambia, "Mimi ni baba yake." Akasimama, akanipa mkono.